SOMO LA AFYA: Meno Yakitoka, Taya Nalo Huumia?



Hebu weka vidole mbele ya masikio yako, halafu ufungue na kufunga mdomo. Umesikia kitu kinacheza? Hicho ni kiungo cha taya. Kipo kimoja kila upande, na kati ya mifupa kuna gegedu laini la kuizuia isisagane.

Katika kikundi kimoja nje ya mji wa Wajir nilikutana na ayeeyo aliyelalamika sikio kwa miezi. Walimtia dawa ya matone, wapi! Siku ya karamu nikaona anasukuma nyirinyiri pembeni, anakunywa chai tu. Magego ya kushoto yalikuwa yameisha yote. Akitafuna, taya linalia "ta! ta!". Sikio lilikuwa zima. Na kwa kuona haya, alikuwa ameanza kula peke yake. Alikuwa amekonda sana.

Magego ndiyo mawe yetu ya kusagia. Yakitoka upande mmoja, kazi yote huenda upande wa pili, na misuli inachoka. Meno yaliyobaki nayo hayatulii: la jirani huinamia pengo, na lililokuwa likikutana na lile lililotoka husogea kulitafuta. Mfupa ulioshika jino hupungua.

Lakini tusidanganyane, si kila kibogoyo ana maumivu ya taya. Wengi hawana. Kusaga meno usingizini, ugonjwa wa viungo, kuumia zamani, na kutafuna miraa masaa mengi pia huleta shida hii. (Wazee wa miraa, msinikasirikie.)

Nyumbani, mkatie mzee nyama vipande vidogo sana au uitwange. Mpe maziwa ya ngamia, anjera iliyoloweshwa, uji, maharagwe yaliyoiva kabisa. Chai ya sukari peke yake si chakula. Kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 15 hivi, hutuliza misuli. Akipiga miayo, ashike kidevu asiachame sana. Meno ya bandia yaoshwe kila siku na kuvuliwa usiku. Yakilegea, yarudishwe kwa daktari wa meno. Usiyachonge kwa kisu!

Mdomo ukikwama wazi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Mtaalamu hulirudisha taya kwa mikono. Mtu asilipige wala kulivuta. Taya likikaza na mwili kukakamaa, hasa baada ya kidonda, huenda ni pepopunda. Maumivu ya taya pamoja na kifua kubana na jasho huenda ni moyo. Mzee akiumwa kichwa kwenye panja na macho kufifia, msingoje hata siku moja.

Swali la kikundi: Nyumbani kwako ni mzee gani siku hizi anakula peke yake, na mara ya mwisho kumwona akitafuna nyama ilikuwa lini?