Usubi: Linda Macho ya Familia Yako

Usubi, au upofu wa mtoni, ni ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi. Inzi hawa huzaliana kwenye mito iendayo kasi na huuma mchana. Kwa Tanzania, maeneo yenye ugonjwa huu ni pamoja na Mahenge, Tukuyu na milima ya Usambara. Anayelima, kuvua au kuteka maji karibu na mto ndiye anayeumwa zaidi.

Macho huharibikaje?
Minyoo mikubwa hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi na huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Kila siku jike huzaa mamia ya vijiminyoo, ambavyo husambaa kwenye ngozi na kuingia machoni. Vikifa humo, jicho huvimba na kupata makovu. Uoni uliopotea kwa makovu hayo haurudi.

Dalili
- Kuwashwa mwili kusikoisha
- Vinundu nyongani, mbavuni au kichwani
- Ngozi kukunjamana, au miguu kuwa na mabaka meupe
- Macho mekundu, yanayowasha na kuogopa mwanga
- Kuona ukungu

Dawa
Ivamektini (Mectizan) hutolewa bure wakati wa kingatiba, yaani ugawaji wa dawa kwa jamii nzima. Mgawa dawa hukupima kimo ili kujua idadi ya vidonge, kuanzia 1 hadi 4. Dawa huua vijiminyoo, lakini minyoo mikubwa hubaki hai na kuendelea kuzaa. Kwa hiyo meza kila mwaka, hata kama hujisikii mgonjwa.

Ukimeza, unaweza kuwashwa, kuvimba au kupata homa siku chache, kwa sababu vijiminyoo vinakufa. Hali ikizidi, nenda zahanati.

Wasiomeza
- Watoto chini ya miaka 5, au wenye kimo chini ya sentimita 90
- Wajawazito
- Mama aliyejifungua ndani ya wiki moja
- Wagonjwa mahututi

Kama umewahi kuishi kwenye misitu ya Kongo, mwambie mgawa dawa kabla ya kumeza. Huko kuna mnyoo mwingine, loa, ambao huonekana ukipita kwenye weupe wa jicho. Mwenye loa wengi akimeza ivamektini anaweza kudhurika ubongo.

Nyumbani
Uendapo mtoni au shambani, vaa nguo ndefu. Usipasue kinundu wala kutia dawa ya majani jichoni. Na mgawa dawa akipita, hakikisha kila anayestahili nyumbani kwako amemeza.