Semina Haipimwi kwa Posho: Namna ya Kutambua Mafunzo Yatakayokuinua

Wiki hii naweka pembeni habari za mbolea na dawa. Nataka tuzungumze kuhusu kitu kingine ambacho kijana mkulima anakipoteza bila kujua: muda wake kwenye mafunzo na miradi. Semina zimekuwa nyingi. Leo kikundi, kesho mradi, keshokutwa mkopo. Ipi ya kuingia na ipi ya kuiacha?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa mgeni kazini, kata niliyokuwa nafanya kazi ilipata mradi wa kilimo cha nyanya kwa vijana. Walikuja na kitalu nyumba, pipa la maji, mipira ya matone na mbegu. Tulifanya mafunzo siku mbili ukumbini: fulana, chai na vitafunwa, posho, cheti, picha ya pamoja. Vijana walikuwa 18. Mimi ndiye niliyeandika ripoti, na nikaandika: "Walengwa 18, waliofikiwa 18, utekelezaji asilimia 100."

Nyanya zilistawi vizuri sana mpaka zikaanza kutoa maua. Ghafla mche mmoja ukanyauka huku majani yake bado ni ya kijani. Kesho yake mitatu. Mimi nikasema ni kiu, ongezeni maji. Nisikufiche, ule ushauri wangu ndio uliomaliza shamba, maana ule ulikuwa mnyauko bakteria. Vimelea vyake vinakaa kwenye udongo, na maji yanavisambaza. Nilipokuja kuambiwa na mwenzangu mzoefu namna ya kuutambua, nusu ya miche ilikuwa imekwisha. Zile zilizobaki ziliiva wakati ule ule ambao nyanya za nje zilikuwa zimejaa sokoni. Tenga likauzwa kwa bei ya kutupa. Wenye mradi walikuwa wameshaondoka. Kikundi kikavunjika, na binti mmoja aliyekuwa ameuza mbuzi wake ili achangie mtaji hakunisalimia kwa muda mrefu.

Lakini kwenye makaratasi mradi ule umefanikiwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulihesabu watu waliokaa kwenye viti, hatukuhesabu waliovuna na kuuza.

Tangu siku hiyo nimekuwa najiuliza: programu zinazofanya kazi zina nini ambacho sisi hatukuwa nacho? Nimeona mambo manne.

1. MKULIMA ANAJIFUNZA KWENYE MMEA, KWA MSIMU MZIMA

Shamba darasa wengi mmelisikia. Mfumo huu ulianzia Indonesia mwaka 1989, kwenye mpunga, kwa msaada wa FAO. Wakulima kule walikuwa wanapiga sumu sana kuua wadudu wanaofyonza mpunga, na wadudu wakawa wanazidi, kwa sababu sumu ilikuwa inaua pia buibui na wadudu rafiki wanaowala wale waharibifu. Mwaka 1986 serikali yao ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga. Lakini marufuku peke yake haimfundishi mtu kumtambua rafiki na adui shambani. Ndipo likaja shamba darasa.

Linavyofanya kazi: wakulima kama 25 wanakutana mara moja kwa wiki, kuanzia kupanda hadi kuvuna. Wana vipande viwili, kimoja kinalimwa kwa mazoea na kingine kwa njia mpya. Wanajigawa watu wanne au watano, wanaingia shambani, wanapima mmea, wanahesabu wadudu, wanachora walichokiona, halafu wanajadili na kuamua wiki hii tufanye nini. Mwezeshaji hatoi majibu haraka. Anauliza: "Umeona nini? Unadhani ni kwa nini?"

Linganisha na siku zangu mbili za ukumbini. Mnyauko hauji siku ya semina, unakuja wiki ya saba, na wiki ya saba hapakuwa na darasa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mashamba darasa ya Kenya, Tanzania na Uganda ulionyesha kuwa, nchi zote tatu zikijumlishwa, kipato cha walioshiriki kiliongezeka kwa asilimia 61, ingawa matokeo yalitofautiana nchi na nchi. Wanawake na watu wenye elimu ndogo ya darasani walikuwa miongoni mwa walionufaika zaidi. Sishangai. Kwenye mmea hakuna anayekuzidi kwa kuandika haraka.

2. INAANZIA SOKONI

Mwaka 2006 Wizara ya Kilimo ya Kenya, pamoja na shirika la Japani la JICA, walianzisha mradi wa wakulima wadogo wa mboga na matunda unaoitwa SHEP. Baadaye njia hiyo ilifika nchi nyingi za Afrika, na hapa kwetu inajulikana kwa msemo wa "anzia sokoni, malizia shambani".

Kabla ya kufundishwa namna ya kulima, wakulima wenyewe wanakwenda sokoni na daftari kuuliza wanunuzi. Wakirudi, wao ndio wanaochagua zao na kupanga kalenda ya kupanda. Mafunzo ya kilimo yanafuata baada ya hapo, kwa zao walilolichagua. Kwa hiyo mtu anasikiliza kwa makini, kwa sababu anafundishwa kitu ambacho tayari anakihitaji.

Sisi tulifanya kinyume. Zao lilichaguliwa ofisini na mbegu ikaja kwenye boksi. Swali la "tutamuuzia nani?" tuliliuliza tukiwa tumeshika tenga mkononi.

3. INAGUSA NYUMBA NZIMA

Kwenye SHEP mume na mke wanafundishwa kuwa wabia wa biashara ya shamba. Kuna sababu. Mara nyingi anayekwenda semina ni mmoja na anayemwagilia ni mwingine. Na kwa kijana ambaye bado analima ardhi ya mzazi, mzazi lazima aelewe. Nimewahi kuona kijana amepanda hoho vizuri, baba yake akang'oa mipira ya maji akidhani ni uchafu. Elimu haihami yenyewe kutoka kichwa kimoja kwenda kingine.

4. KUNA MTU ANARUDI

Mradi unaomaliza kazi siku ya kukabidhi vifaa ni mradi wa vifaa. Programu inayofanya kazi inarudi kuuliza: ulivuna kiasi gani, uliuza bei gani, ulikwama wapi? Na inakusubiri hata ukiwa na majibu mabaya.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Ukialikwa kwenye mafunzo au mradi, kabla ya kusaini uliza maswali haya matano:

- Tutakutana mara ngapi kati ya kupanda na kuvuna?
- Zao limechaguliwa na nani?
- Mnunuzi ni nani, na tumeshaongea naye?
- Mmea ukiugua wiki ya saba, nampigia nani simu?
- Mradi ukiisha, vifaa hivi tutavitunza kwa fedha ipi?

Wakikosa majibu matatu, chukua elimu kidogo utakayopata, lakini usiuze mbuzi.

Na kama hakuna mradi wowote kijijini kwenu, anzisheni wenyewe. Watu watano wanatosha. Gharama yake ni daftari na uaminifu.

Kwanza, nendeni sokoni siku mbili tofauti, moja ya soko na moja ya kawaida. Muulizeni mnunuzi: anataka aina gani, ukubwa gani, miezi gani bidhaa huadimika, analipa taslimu au baada ya kuuza, anapima kwa kilo au kwa lumbesa. Swali la lumbesa msiliache, ndipo faida inapopotelea.

Pili, tengeni matuta mawili sawa. Moja lilimwe kwa mazoea yenu, jingine kwa njia mnayotaka kujaribu. Badilisheni kitu kimoja tu. Mkibadilisha mbegu, mbolea na nafasi kwa pamoja, hamtajua kilichosaidia ni kipi.

Tatu, kagueni kila wiki, siku ile ile. Mkiona nyanya imenyauka ikiwa ya kijani, kateni shina karibu na ardhi, mning'inize kipande chake kwenye glasi safi ya maji. Kikitoa uzi mweupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oeni mche, toeni nje ya shamba, maji yasitiririke kutoka hapo kwenda kwa wengine. Msimu unaofuata msirudishe nyanya, viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu wala hoho kwenye eneo hilo. Pandeni mahindi.

Nne, andikeni kila shilingi inayotoka na inayoingia. Siku mkienda halmashauri kuomba mkopo wa vijana, daftari hilo litawasemea kuliko cheti cha semina.

Yule binti wa mbuzi bado analima. Msimu uliopita alinipigia simu kuniuliza bei ya vitunguu soko la Ilala, nami nikamjibu kwamba sijui, ila namba ya dalali ninayo. Akacheka, akasema, "Afadhali siku hizi unasema hujui." Nimelichukua kama cheti.

Kazi njema shambani. Mkishaweka matuta yenu mawili, niambieni mnalinganisha nini, nitapita kuyaona.