Ramani Mbili, Ploti Moja: Linganisha Vipimo Kabla ya Kuchimba Msingi

Mkazi wa Kapsoit anayejenga maduka kando ya barabara ya Kericho–Kisumu hukabidhiwa ramani zaidi ya moja. Msanifu majengo huchora nyumba, naye mhandisi huchora mitaro na njia ya magari. Ploti ni moja, lakini vipimo vyao havifanani.

Msanifu hutumia milimita, na mara nyingi neno lenyewe haliandiki: 3000 kwenye mchoro wake ni mita 3. Skeli yake huwa 1:100 au 1:50. Mhandisi anashughulikia eneo pana zaidi, kwa hivyo hutumia mita na skeli kama 1:500. Sentimita moja kwenye mchoro wa 1:100 ni mita 1 ardhini. Kwenye ule wa 1:500 ni mita 5. Mwenye ploti naye hutaja futi, hamsini kwa mia. Kwa msanifu hiyo ni 15,240 kwa 30,480. Kwa mhandisi, 15.24 kwa 30.48. Faili ya mmoja ikifunguliwa kwenye kompyuta ya mwenzake bila kipimo kutajwa, jengo laweza kutokea dogo au kubwa mara 1,000. Kosa hilo si la kutisha sana, maana huonekana papo hapo.

La kutisha ni la mwinuko, kwa kuwa halionekani mpaka mvua inyeshe. Msanifu huiita sakafu ya chini 0.000. Mhandisi huandika mwinuko wa mtaro kutoka usawa wa bahari, tuseme mita 1,950.300. Pasipo maandishi yanayosema ile 0.000 ni mita ngapi kwa hesabu ya mhandisi, fundi hubahatisha. Sentimita 30 zikipotea hapo, maji ya mtaro huingia dukani, na Kericho mvua si mgeni. Gharama ya kuinua sakafu iliyokwisha kukauka humwangukia mwenye jengo.

Tahadhari pia na nakala. Ramani ya karatasi ya A1 ikipunguzwa hadi A3, 1:100 huwa 1:200, ingawa maandishi hayabadiliki. Fundi afuate namba zilizoandikwa, asipime karatasi kwa rula.

Chini ya sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, kibali cha ujenzi hutolewa na serikali ya kaunti. Kabla ya kuwasilisha ramani, mwenye ploti awakutanishe msanifu, mhandisi na mpimaji ardhi. Wachague alama moja ya kudumu karibu na ploti, na mwinuko wake uandikwe kwenye ramani zote mbili.