Shelfu Sita Kutoka Plaiwudi Moja: Hesabu Kwanza, Msumeno Baadaye

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, bumu lilichelewa nami nikabaki na shilingi 90,000 mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hela ya kula. Nikaangalia meza ya chumbani kwetu hosteli: vitabu vimelala juu ya sahani, sahani juu ya noti za darasani. Nikajiambia, kila chumba kina shida hii. Nikitengeneza shelfu ndogo za kukaa mezani, nani atakataa?

Kweli hakuna aliyekataa. Nilitengeneza nne, nikaziuza 20,000 kila moja, jumla 80,000. Plaiwudi nilikuwa nimenunua 46,000, kwa hiyo nikawatangazia wenzangu kwamba nimepata faida ya 34,000. Baada ya siku tatu sina hela ya chipsi. Nikala kwa hisani ya mwenzangu wa chumba karibu wiki mbili, na yeye mwenyewe hakuwa nazo.

Makala haya ni somo la kosa lile. Nimerudia kazi hiyo hiyo mara kadhaa tangu wakati huo, na sasa inanilipa. Mikono yangu haijabadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nakaa na kalamu kabla sijagusa msumeno.

Ijue plaiwudi yenyewe

Plaiwudi si ubao mzima. Ni matabaka membamba ya mti yaliyogandishwa kwa gundi, nyuzi za kila tabaka zikikatisha nyuzi za tabaka lililo jirani. Ndiyo maana haipasuki ovyo kama ubao wa kawaida, wala haipindi kirahisi. Nyingi ya tunazonunua mjini hutengenezwa hapa hapa nchini, kwa mfano Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill.

Udhaifu wake uko ukingoni. Ukipiga skrubu kwa nguvu kwenye ukingo, matabaka yanaachana. Pia haipendi maji: ukingo usiopakwa kitu hunywa unyevu na kuvimba.

Plaiwudi ya kawaida ina upana wa milimita 1220 na urefu wa 2440. Kwa shelfu ya mezani chukua ya unene wa milimita 12. Ya 18 ni nzito na ghali bure. Ya 6 italegea ukiiwekea vitabu.

Kosa la kwanza: kukata kwa macho

Mara ya kwanza nilichagua vipimo vilivyonipendeza tu: urefu sentimita 65, kina sentimita 22. Nikachora kipande kimoja kimoja, kinapotosha ndipo nikikate. Nikapata shelfu nne na rundo la vipande visivyofaa kitu. Nilipoenda Keko kwa mafundi wa samani kuomba ushauri, fundi mmoja akaangalia lile rundo akaniuliza, "Kijana wangu, haya umeyanunua au umepewa?" Nikasema nimeyanunua. Akasema, "Basi hapo ndipo faida yako ilipo, chini."

Sasa nafanya kinyume. Naacha plaiwudi ndiyo inipangie vipimo. Kumbuka msumeno nao unakula: kila unapopita, kama milimita 3 zinageuka unga. Tazama hesabu:

Kwa upana, vipande sita vya sentimita 20 ni milimita 1200. Mikato mitano katikati inakula 15. Jumla 1215, na plaiwudi ina 1220. Inatosha.

Kwa urefu, kila mkanda wa sentimita 20 unatoa mbao nne za sentimita 60, au mbavu nane za sentimita 30, na mikato inaingia bila shida.

Shelfu moja inataka mbao mbili za sentimita 60 (ya chini na ya juu), mbavu mbili za sentimita 30, na kipande cha mgongo cha sentimita 60 kwa karibu 10, ambacho ni nusu ya ubao mmoja. Usikiruke hicho cha mgongo. Bila yeye shelfu inayumba kama mlevi. Kwa mpango huu unapata shelfu sita kamili, na mbao tatu za sentimita 60 zinabaki za akiba.

Mpelekee fundi mwenye mashine mchoro huo ukiwa na namba, akukatie yote kwa mara moja. Mashine inanyoosha kuliko mkono, na fundi hakutozi kwa muda wa kufikiri.

Kuunga

Toboa kwanza tundu dogo la milimita 2 kila mahali pa skrubu. Paka gundi ya mbao, kisha kaza skrubu nyembamba za inchi moja na robo, ukiacha kama sentimita 3 kutoka kila pembe. Futa gundi iliyotoka kabla haijakauka, maana vanishi haitashika hapo. Piga msasa, hasa kingo, halafu vanishi mara mbili. Kazi ya msasa ifanyie nje na uvae barakoa. Mimi niliifanyia chumbani siku ya kwanza, na vumbi likaingia mpaka kwenye mchele.

Kosa la pili: kutoa bei ya plaiwudi tu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu la kweli, ambalo mara ya kwanza sikuliandika, ni hili:

Plaiwudi 46,000
Kukatiwa 6,000
Gundi 4,000
Skrubu 4,000
Msasa 2,000
Vanishi na tina 12,000
Bajaji 8,000
Jumla 82,000

Gawanya kwa shelfu nne: kila moja ilinigharimu 20,500. Nami niliiuza 20,000! Kumbe kila mteja niliyemshukuru, nilikuwa nampa shilingi 500 za kwangu juu.

Gawanya kwa sita: inakuwa kama 13,700. Ukiuza 22,000, unapata 132,000. Toa 82,000, inabaki 50,000. Kazi yote inanichukua saa 12, Jumamosi mbili, kwa hiyo najilipa zaidi kidogo ya 4,000 kwa saa. Si utajiri, ila mimi ni mwalimu mtarajiwa, nazijua tuisheni zinazolipa chini ya hapo.

Kosa la tatu: "nitakupa bumu likitoka"

Kati ya wale wateja wanne, wawili walichukua kwa mkopo. Siwalaumu, hata mimi nilikuwa nasubiri bumu hilo hilo. Lakini mtaji wangu ukakaa mezani kwao umebeba vitabu vyao.

Siku hizi sikati plaiwudi kabla sijapata oda sita, na kila oda inatanguliza nusu, 11,000. Hapo nina 66,000 mkononi. Kutoka mfukoni natoa 16,000 tu, na hela ya kula inabaki ya kula. Anayesema hawezi kutanguliza, namwambia kwa upole, "Ndugu yangu, nitakuweka kwenye awamu ijayo." Wengi wanarudi.

Zoezi

Plaiwudi imepanda hadi 50,000, na shelfu moja kati ya sita imeharibika mkononi mwako. Umeuza tano kwa 22,000. Umebaki na faida gani? Ukipata 24,000, nenda kanunue plaiwudi. Ukipata namba nyingine, rudi kwenye daftari kwanza. Hela ya kula haina mtihani wa marudio.