Bima ya kamiyo: tuiandike wapi?

Darasani tulibishana sana juu ya hesabu hii, tukaona afazali tuieleze hapa.

Watu wawili wanaungana kuuza maharagi. Kamiyo yao inatoka Rutshuru, inapita hapa Rumangabo mpaka Goma. Tangu sheria ya 1973, kila gari katika nchi yetu lazima liwe na bima, ile tunaita asiransi. Tarehe 1 ya mwezi wa kumi wanalipa dola 600 kwa mwaka mzima.

Siku ya kulipa, kufuatana na mpango wa OHADA, tunaandika 600 debi ya konti 625 (bima) na 600 kredi ya konti 57 (sanduku la pesa). Wengi wetu tunaishia hapo. Ni kosa!

Tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili, miezi 3 tu imepita. 600 gawanya kwa 12 ni 50. Mara 3 ni 150. Zile 450 ni za mwaka unaokuja. Basi tunaandika 450 debi ya konti 476 na 450 kredi ya konti 625. Mwaka mpya ukianza, tunazirudisha kwenye 625.

Juu gani kujisumbua? Mmoja akitoka katika ushirika siku ile, faida yake itapunguka dola 225, juu ya bima ambayo mwenzake peke yake ataitumia. Hakuna mtu aliyeiba, lakini kitabu kimeiba. Mkristo asipime maharagi tu kwa haki, apime na miezi.

Zoezi: bima ya dola 360 imelipwa tarehe 1 ya mwezi wa saba. Ngapi ni za mwaka huu?