Dada, Kishikwambi Kitausoma Mwandiko Wangu?

Swali la leo linatoka kwa mwalimu wa sekondari ambaye pia ni katibu wa kikundi chake cha kuweka na kukopa, yaani VICOBA. Ana madaftari ya notsi za masomo, ana daftari la mihtasari ya vikao, na ana kishikwambi. Kila jioni anafungua daftari na kuanza kuchapa upya neno kwa neno mpaka macho yanauma. Anauliza: hakuna namna kishikwambi kikasoma mwandiko wangu, kikanitolea maandishi ya chapa?

Namna ipo, mdogo wangu, tena huhitaji kununua kitu ili uanze. Nakujibu wewe na walimu wenzako wote, maana vishikwambi vilivyotumika hapa Tanzania kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na kazi hii vinaiweza. Ila nataka utoke hapa na jambo moja: kishikwambi kitakusomea herufi, lakini maana ya ulichoandika utaisimamia wewe.

Kwanza tenganisha kazi mbili. Kuna yale uliyokwisha kuandika kwenye karatasi, na kuna yale utakayoandika kuanzia sasa.

Ya kwenye karatasi utayapiga picha. Fungua Google Lens, elekeza kamera kwenye ukurasa, chagua maandishi, nakili, kisha bandika kwenye faili lako. Hapa matokeo yanategemea picha. Weka daftari karibu na dirisha mchana, libane lilale sawasawa, simamisha kamera juu yake moja kwa moja, na kivuli chako kisiangukie karatasi. Piga ukurasa mmoja mmoja. Mwandiko wa penseli iliyofifia utakusumbua, kwa hiyo jiandae kuzichapa kurasa hizo mwenyewe.

Utakayoandika kuanzia sasa, yaandike juu ya kioo chenyewe, kwa sababu hapo kishikwambi kina faida ambayo picha haina. Kwenye picha kinaona wino uliokwisha kukauka. Kwenye kioo kinakufuata tangu kalamu inapogusa mpaka inaponyanyuka: mstari upi ulitangulia, umekwenda upande gani, umeishia wapi. Herufi mbili zinazofanana zikishaandikwa zinaweza kutofautishwa kwa jinsi mkono ulivyozichora. Ndiyo maana mwandiko uleule husomeka vizuri zaidi ukiandikwa kwenye kioo.

Sasa sikilizeni hili la lugha, kwa sababu ndipo wengi mnapokata tamaa mapema. Programu hizi hazisomi herufi peke yake. Zikiona herufi yenye utata, zinakisia kwa kuangalia maneno ya lugha uliyochagua. Ukiandika Kiswahili huku programu imewekwa Kiingereza, kila neno litavutwa kwenda Kiingereza: "pia" inageuka "pie", na kitenzi kirefu kama "hatukuwaambia" kinakatwa vipande. Mtu akiona hivyo anasema mwandiko wake ni mbaya. Mwandiko hauna kosa, ni lugha haikuchaguliwa.

Programu ya Google ya kuandika kwa mkono ilipotoka mwaka 2015 ilikuwa na lugha 82, Kiswahili kikiwemo, na leo huduma hiyo imo ndani ya kibodi ya Google. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, fungua lugha, ongeza Kiswahili, kisha chagua mwandiko wa mkono badala ya herufi za kubonyeza. Fanya hivyo ukiwa na bando, kwa sababu kuna faili la lugha la kupakua. Baada ya hapo unaandika kwa kidole au kalamu, na maneno yanajitokeza yakiwa yamechapwa.

Wenye Samsung Notes, OneNote au programu ya Notes ya iPad mna njia nyingine: andika ukurasa mzima kwa mkono, zungushia sehemu unayoitaka, halafu chagua kuigeuza au kuinakili kuwa maandishi. Kabla ya kuitegemea, angalia kama Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Kama hakimo na kishikwambi chako ni cha Android, tumia kibodi ya Google ndani ya programu hiyohiyo. Na wewe mwalimu unayechanganya Kiswahili na Kiingereza, kila lugha ipe mstari wake, ubadilishe lugha unapovuka.

Kuhusu kalamu, usikimbilie dukani. Anza na kidole kwa muda, uone kama kazi hii inakufaa. Kalamu ya bei ndogo yenye ncha ya mpira inafanya kazi kwenye kioo chochote cha kugusa, ila ukilaza kiganja nacho kinachora. Kalamu iliyotengenezwa kwa ajili ya kishikwambi husika haisumbuliwi na kiganja, na mara nyingi inajua umekandamiza kiasi gani. Ukinunua, uliza kama kalamu imo ndani ya boksi. Galaxy Tab S6 Lite inakuja na kalamu yake, lakini Apple Pencil inauzwa peke yake, kwa hiyo piga hesabu ya vyote viwili kabla hujafungua pochi.

Mkono wako nao usiuonee aibu. Programu haitafuti uzuri, inataka nafasi. Acha pengo la wazi kati ya neno na neno, mstari usipande juu ya mwenzake, na "n" usiifungue juu ikawa "u". Vifupisho vyetu vya darasani, "ktk", "kwn" na ndugu zake, viandike kwa kirefu, au uvibadilishe vyote kwa pamoja baadaye kwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Michoro na majedwali yaache yalivyo, yabaki picha.

Sasa tumefika penye uzito, naomba msome taratibu. Tuseme kwenye muhtasari uliandika hivi: "Mwanachama hatalipa riba ya Juni kwa sababu ya msiba." Kishikwambi kikaruka herufi moja tu, kikatoa: "Mwanachama atalipa riba ya Juni kwa sababu ya msiba." Hakuna mstari mwekundu utakaojitokeza chini ya neno, kwa kuwa "atalipa" ni Kiswahili sanifu. Lakini mfiwa aliyesamehewa na kikao kizima sasa anadaiwa. Kiswahili chetu kinabeba mambo makubwa kwenye herufi moja: amelipa na amelipwa, watachangia na watachangiwa. Kosa la namna hii mashine haiwezi kuliona. Aliyekaa kwenye kikao ndiye anayelijua.

Fedha nazo ni vivyo hivyo. Tumezoea kuandika 150,000/= na ule mkwaju ukisimama wima kidogo unasomwa kuwa 1, fedha ikawa 150,0001=. Ukiwa unaandika ili ugeuze, achana na alama hiyo. Weka "Sh" mbele, kisha rudia kwa maneno: laki moja na nusu. Maneno kama ng'ombe na ng'oa yachunguzeni pia, kile kialama cha juu huwa kinapotea.

Kwa hiyo, ukishageuza, hakiki kwa mpangilio huu: vitenzi, majina ya watu, fedha, tarehe. Mpe mwenzako daftari alishike, wewe usome kwa sauti kilichotoka kwenye kishikwambi, naye akufuate kwa kidole. Ukisoma peke yako kimya, jicho linaona kile unachokikumbuka badala ya kilichoandikwa.

Usigeuze kila kitu. Mwaka 2014 watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika notsi za mhadhara kwa mkono walijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa kuliko waliochapa kwenye kompyuta, kwa sababu waliochapa walinukuu mhadhara karibu neno kwa neno. Tafiti zilizorudia jaribio hilo baadaye hazikuona tofauti kubwa kiasi hicho, lakini hoja ya kunukuu bila kufikiri inatuhusu sote. Andika kwa mkono unapojifunza, uchague na kufupisha kwa akili yako. Geuza yale yatakayosomwa na wengine, au yale utakayotaka kuyatafuta kwa neno mwakani: muhtasari, maandalio ya somo, orodha ya mapishi ya mama.

La mwisho ni la dhamana. Deni la mwanachama na alama za mwanafunzi ni habari za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na heshima kwa waliokuamini ilikuwepo kabla yake. Kurasa zenye majina na madeni usizipandishe kwenye kila tovuti inayojitangaza kugeuza bure. Ziandike upya kwa mkono kwenye kioo, au funika majina kabla ya kupiga picha. Weka nywila kwenye kishikwambi. Na daftari lenye sahihi za wajumbe litunzeni, kwa sababu siku ya ubishi ndilo litakaloulizwa.

Basi mwalimu wangu, leo usiguse madaftari yote. Chukua muhtasari wa kikao cha mwisho, ukurasa mmoja tu. Weka kibodi kwenye Kiswahili, uuandike upya kwa mkono kwenye kioo, kisha kaa na mweka hazina muuhakiki pamoja kabla ya kuutuma kwa wanachama. Ukurasa huo ukitoka sahihi, wa pili utakwenda haraka, na baada ya muda jioni zako zitakuwa zako. Nasubiri barua yako unieleze mambo yalivyokwenda.