Mjane wa Vita na Ndoa ya Pili

Somo: Ruthu 1–4, 2 Samweli 11, 1 Wakorintho 7:39

Mwezi huu twajifunza neno ambalo wengi hulinong'ona tu: Je, mjane ambaye mumewe alikufa vitani aweza kumpenda mume mwingine pasipo kumkosea marehemu?

Nchi yetu ya Songea yaujua ujane. Tarehe 27 Februari 1906, katika vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga hapa wazee na mashujaa wengi wa Wangoni, wakazikwa katika kaburi moja. Kisha vyakula vikateketezwa, njaa ikaingia. Mashujaa wale twawakumbuka kila Februari. Lakini wake zao waliobaki na watoto, ni wangapi tuwajuao kwa majina? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilileta wajane wengine tena.

Mmoja wao tulimzuru Lizaboni, naye sasa ni bibi. Alituambia hivi: "Baba mchungaji, nilipofiwa, shemeji zangu walitaka kunirithi, nikakataa. Miaka mingi nilikaa peke yangu. Nikicheka, nilidhani namwibia marehemu. Kisha akaja mgane mmoja, naye hakuniambia nimsahau mume wangu. Jioni aliwaita wanangu akawaambia, Nisimulieni habari za baba yenu. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kufunguka." Ndoa yao ilibarikiwa kanisani.

Sasa tutazame Maandiko. Mjane wa vita ajulikanaye sana ni Bathsheba. Mumewe, Uria, aliuawa penye boma la Raba kwa hila ya Daudi. Matanga yalipokwisha, mfalme alituma watu wamlete nyumbani mwake. Jambo lile likawa baya machoni pa Bwana. Dhambi ya Daudi ilikuwa uzinzi na uuaji. Lakini tuangalie na neno hili: katika sura ile hatusomi popote ya kwamba mjane aliulizwa moyo wake wataka nini.

Ruthu naye alifiwa na mumewe katika nchi ya Moabu. Huyo hakufiwa vitani, lakini njia yake yatufundisha mambo matatu.

Kwanza, aliyemtakia ndoa mpya alikuwa mama wa marehemu mwenyewe. Naomi aliwaombea wakweze wapate raha nyumbani mwa waume wengine (1:9). Aliyekuwa na uchungu kuliko wote hakumfunga mjane kwa uchungu wake.

Pili, Ruthu hakugawanywa kama mali. Labda mtu atasema, "Boazi alikuwa wa ukoo wa marehemu; basi hata Biblia yakubali kurithi wajane." Sivyo. Ruthu mwenyewe alikwenda kwa Boazi akasema haja yake (3:9), na Boazi hakumchukua kwa nguvu wala kwa siri, bali alilipeleka neno mbele ya wazee langoni. Hata sheria ya nchi yetu yasema vivyo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, yampa mjane uhuru wa kukaa apendapo, na kubaki bila mume au kuolewa na mtu amchaguaye mwenyewe, hata kama mila yakataa.

Tatu, Boazi alilitaja jina la marehemu mbele ya watu wote (4:10). Upendo wa pili haukulifuta jina la kwanza. Hivyo ndivyo alivyofanya yule mgane wa Lizaboni.

Mtume Paulo afundisha ya kwamba mume akiisha kufa, mke yu huru kuolewa na amtakaye, ila iwe katika Bwana. Huru maana yake si lazima. Mjane akikaa bila mume hadi mwisho, hakukosa, akiolewa, hakukosa. Kosa ni la sisi tumharakishao kwa ajili ya mali, au tumzuiao kwa masengenyo.

Basi, ninyi wainjilisti, msimwulize mjane, "Utaolewa lini?" wala, "Mbona umesahau upesi?" Kaeni naye, msikilizeni, litajeni jina la marehemu bila hofu. Machozi na upendo mpya vyaweza kukaa katika moyo mmoja, kwa maana Mungu aliyempa mume wa kwanza hajamwacha.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Kwa nini Naomi hakuona wivu kwa ajili ya mwanawe?
2. Katika usharika wetu, ni nani amwulizaye mjane moyo wake wataka nini?
3. Je, yuko mjane kati yetu ambaye twamfunga kwa maneno yetu? Twendeni tumwombe radhi kabla ya Jumapili ijayo.